Waya wa Asimina Mwosha Mifupa

"Asimina, shoga yangu, siku ya ufufuo utaamka na huo waya kichwani, au utauacha chini?"

Pagona ndiye aliyemuuliza hivyo. Tulikuwa watatu barazani kwa Asimina, mchana kweupe, tunachambua dengu. Nyumba ya Pagona inapakana na ya Asimina ukuta kwa ukuta, na mdomo wake hajawahi kuufunga mtu. Aliuliza kwa utani.

"Wewe jiulize kwanza kama utaamka na ulimi huo huo," Asimina akamjibu, tukacheka hadi ungo ukanitikisika mapajani.

Lakini nilimwona baadaye akipapasa nyuma ya sikio, pale ngozi ilipoinuka kana kwamba kuna uzi wa kiatu umepita chini yake. Siku hiyo dengu zake hazikuisha.

Ameniruhusu niandike habari zake. Yu hai, ana miaka sabini na miwili, na kila nitakachosema hapa ameshanisikia nikikisema mbele yake.

Kwetu mlimani ardhi ni mwamba na makaburi ni machache, kwa hiyo marehemu hakai kaburini siku zote. Ikitimia miaka mitatu tunamfukua. Mifupa inaoshwa kwa divai nyekundu, inaanikwa juani juu ya shuka jeupe, kisha inatiwa katika sanduku la bati lenye jina na picha yake, nalo linawekwa katika chumba cha mifupa nyuma ya kanisa, kumsubiri Bwana. Hakiachwi kitu. Hata kile kifupa cha mwisho cha kidole kidogo cha mguu tunakitafuta udongoni kwa chekecheke, maana hatutaki mtu wetu aitwe siku ile akajikuta amepungukiwa.

Asimina alikuwa mwoshaji wetu kwa miaka thelathini. Alifundishwa na mama mkwe wake. Alikuwa akiongea na marehemu anapowaosha. "Njoo baba, geuka nikuoshe mgongo. Hivyo. Ulikuwa mzito, tazama sasa ulivyo mwepesi." Na huku anaongea, analia, na wenye msiba wanalia naye, na hao wanaorudi nyumbani baada ya hapo wanakula chakula chao wakashiba kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Aliniambia wakati mmoja kwamba mikono anawapa marehemu, machozi anawapa waliobaki, na mtu asiye na vyote viwili asiguse beseni.

Kisha mikono ikaanza kumtetemeka. Ilianza kwa dole gumba la kulia. Mwaka wa pili hakuweza kujimiminia kahawa. Mwaka wa tatu alikuwa anamwosha bibi Kyriakoula, fuvu likamponyoka, likagonga ukingo wa beseni, jino likaruka majanini. Mtoto wa Kyriakoula aliinama akaliokota jino. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Asimina tena.

Mjini wakamwambia kuna dawa ya kupasua: waya mwembamba unaingizwa kichwani, betri inawekwa chini ya mtulinga, na mkono unatulia. Alimwendea Padri Anestis kumuuliza kama ni dhambi.

"Dhambi iko wapi, mama?" Padri akasema. "Mkono unaumwa, daktari anautibu. Nenda, nami nitakuombea kwa jina."

Mumewe, Sarantis, yeye alikuwa tayari na kifaa cha moyo kifuani, kidogo kama kibiriti, kilichowahi kumwamsha alipoanguka shambani kwenye mizabibu. Alifurahi kupita kiasi. "Sasa nyumba yetu ina betri mbili," alitangaza dukani. "Umeme ukikatika, njooni kwetu!"

Asimina alirudi na mikono iliyotulia. Kahawa ya kwanza aliyomimina bila kumwaga aliinywa akilia. Nalisema hili wazi ili asitokee mtu akadhani ninasimulia ubaya wa madaktari. Waya ule ulimrudishia mikono, akarudi kwenye beseni, na watu wakarudi kwake.

Miaka minne baadaye Sarantis alikufa kwa homa ya mapafu, wakati wa mavuno ya zabibu.

Nimeona wajane wengi, lakini Asimina alikauka. Alikuwa anakaa upande wake wa kitanda, viatu vya mumewe mapajani, na ukimpelekea supu unaikuta kesho yake pale pale imeganda. Alipokwenda kupimwa betri, daktari akamwonea huruma. Akamweleza kuwa wanajaribu mpango mwingine, wa kutuliza huzuni nzito kwa waya huo huo, kama atakubali. Alikubali. Wakampa kidude cha kubonyeza, kama kile cha televisheni lakini kidogo. Namba moja ilikuwa ya mikono tu. Namba mbili ilikuwa ya mikono na moyo. Daktari alimsihi aitumie mbili kwa muda, siku akizidiwa, kisha arudi kwenye moja.

Alibonyeza mbili, na hakurudi.

Mwanzoni tulimshukuru Mungu. Alipaka nyumba yake chokaa, akamaliza, akaja akapaka yangu. Alilala kwa muda wa saa nne tu, akaamka kama msichana. Nguo nyeusi alizivua kabla ya mwaka, kwetu hilo si dogo, lakini nani angemlaumu mtu aliyerudi kutoka alikokuwa amerudi yeye? Alikwenda kuwasha taa ya mafuta kaburini kwa Sarantis, akatoka getini kama mtu aliyetoka kununua chumvi.

Tabasamu lake ndilo nililoanza kulitazama. Alitabasamu ukimsalimia, na lilikuwa tabasamu zuri, ila lilikuwa lile lile kwa kila mtu, likianza pale pale na kukoma pale pale. Ukimweleza ng'ombe wako amekufa, lilikuja. Ukimweleza umepata mjukuu, lilikuja hilo hilo. Na mikono! Anakutazama usoni, anaongea nawe, na huku chini mikono inatia uzi kwenye sindano, mara moja tu, bila kukosa.

"Shoga," Pagona akamwambia siku moja, na mara hii hakuwa anacheka, "hiyo mikono yako inanitazama."

"Ina macho?" Asimina akamuuliza, akatabasamu.

Ikafika zamu ya Anthi kufukuliwa. Anthi alikuwa binti wa Marigo muuza maziwa, alikufa kwa pikipiki akiwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa wanawake kama kumi pale makaburini. Marigo alisimama na kifungu cha mrihani mkononi, amekishika hadi majani yamesagika.

Asimina aliosha haraka na vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Mbavu alizipanga kulia na kushoto bila kuangalia. Hakuongea na binti. Hakulia. Katikati ya kazi nikasikia sauti nikadhani ni nyuki kwenye mrihani, kumbe ni yeye anaimba puani, wimbo wetu wa kuvunia zabibu, ule wa kukanyaga na kuzunguka. Wanawake wakatazamana. Akainua fuvu kutoka kwenye divai, likichuruzika, akaligeuzia kwa Marigo kama mtu anayeonyesha chungu sokoni.

"Tazama alivyo mzuri, mama yake. Meno yote yapo."

Na tabasamu likaja.

Marigo hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Nirudishie mwanangu," alisema polepole. Akalichukua lile fuvu lililolowa divai, akavua kitambaa chake cha kichwa akalifunga, akaenda kukaa juu ya ukuta wa makaburi akatugeuzia mgongo. Asimina alibaki amesimama, mikono inadondosha divai, na tabasamu bado lipo usoni kama taa iliyosahauliwa ikiwaka mchana.

Tulirudi njia moja, mimi na yeye.

"Lambrini," akaniambia, "nimeona nilichomfanyia yule mama. Nimekiona vizuri kabisa, kama mtu anayetazama kwa dirishani. Na hakijaniuma."

"Utakuwa umechoka, dada."

"Sijachoka. Sichoki siku hizi. Nakwambia hakijaniuma. Ningesema hilo linaniogopesha, lakini hofu yenyewe naitafuta siipati."

"Basi bonyeza moja."

"Nibonyeze kwa nini? Niko vizuri."

Alilisema kwa upole, nami nikajifunga mtandio shingoni, juani, saa sita ya mchana. Nilimjua Asimina tangu tukichezea mbegu za peasi, na sikuijua sauti iliyonijibu. Tukatembea hadi kwenye bomba la kijiji. Pale akasimama, akatoa kidude mfukoni, akanikabidhi, na mkono uliokitoa haukutetemeka hata kidogo.

"Sarantis amebakiza wiki sita afukuliwe," akasema. "Nikimwosha hivi nilivyo, nitamwosha kama sahani. Chukua. Bonyeza wewe, maana huyu anayejisikia vizuri hatabonyeza kamwe. Sikwambii leo au kesho, usinitajie siku. Na nikija kukudai, usinipe, hata nikikuchekea."

Alikuja kudai jioni ile ile. Alinichekea. Nilimwambia nimekipeleka kwa padri, na kweli nilikuwa njiani kukipeleka, kimefungwa kwenye aproni yangu.

Padri Anestis alikiweka mezani, akakigeuzageuza. "Mimi mambo ya waya siyajui, binti yangu," akasema. "Kuna siku Bwana alimwambia mama mmoja mjane, usilie. Lakini papo hapo akamrudishia mwanawe, mzima, anaongea. Hiki nacho kinamwambia usilie. Kinamrudishia nini?"

Nikakirudisha kwenye aproni.

Siku ya tatu Asimina alikuja kunisaidia kumenya tufaha. Aliketi jikoni kwangu akiongea habari za bei ya chokaa, ganda linashuka refu moja bila kukatika. Nikapitisha mkono ndani ya aproni, nikasema moyoni, Bwana nisamehe kama ninaua kitu, nikabonyeza namba moja.

Kwanza hakikutokea kitu. Akaendelea na chokaa. Kisha ganda likakatika. Akaangalia kisu, akaangalia kuta za jiko langu moja moja, kama mtu aliyeshushwa na gari mahali asipopajua.

"Sarantis amekufa," akasema.

Nikaweka kisu changu chini.

"Amekufa, Lambrini! Mbona hamkuniambia?"

Alilia siku kumi na moja. Alilia msiba wa karibu miaka mitatu uliokuwa unamsubiri mahali fulani, bila kupungua hata tone. Pagona alikuja na supu asubuhi na mimi jioni. Siku ya kumi na mbili alivaa nyeusi, akateremka hadi kwa Marigo, akagonga. Waliyoyasema hayajulikani. Alitoka baada ya saa mbili na kifungu cha mrihani.

Tulimfukua Sarantis Jumamosi, jua limetoka baada ya mvua. Mifupa yake ilikuwa ya rangi ya nta, rangi tunayoombea, na wanawake wakajifanyia ishara ya msalaba. Asimina alikuwa kwenye namba moja: mikono imetulia, uso umelowa. "Njoo, mzee wangu," alimwambia, "umechelewa kuamka kama kawaida yako." Tukalia sote, hata mchimba kaburi.

Katikati ya mbavu kulikuwa na kile kifaa cha moyo, kinang'aa kama jana.

"Hicho weka kando," Pagona akasema. "Hicho cha kiwandani."

"Alikuwa nacho miaka tisa," Asimina akajibu. "Kilimwamsha shambani."

"Na saa yake ya mkono je? Na miwani?"

"Meno ya marehemu Thanasoula tuliyaweka. Yalikuwa ya plastiki, na ni wewe uliyeyaosha, wakati mikono yangu imenishinda."

Pagona akamsogezea beseni, maana ilikuwa kweli. Nasi hatuachi kitu. Asimina akakiosha kwa divai, akakiweka sandukuni upande wa kushoto, pale moyo ulipokuwa.

Jumatatu saa tatu asubuhi Pagona aliingia chumba cha mifupa kuwasha taa, akatoka anakimbia, kiatu kimoja kimebaki ndani. Alidai Sarantis anapiga mluzi.

Tulikwenda Jumanne. Masanduku yalikuwa yamepangwa kwenye rafu hadi darini, picha zote zinatutazama, na hewa ina harufu ya bati na ubani wa zamani. Tukangoja. Kengele ya kanisa ilipomaliza saa tatu, ikaja sauti nyembamba, kama ndege aliye mbali sana, inapanda inashuka, inapanda inashuka, kwa muda wa kuvuta pumzi tatu nne. Ilitoka ndani ya sanduku la Sarantis. Kisha kimya. Jumatano ikaja tena, saa tatu kamili. Alhamisi tena.

Watu walianza kusema Sarantis hajatulia. Wengine walitaka arudishwe udongoni. Mwenye mbuzi akabadilisha njia ya mbuzi wake. Na Asimina akawa anakwenda kila siku, anakaa kwenye kigoda mbele ya sanduku kuanzia saa mbili na nusu. Nilimfuata siku ya kumi kwa sababu niliogopa. Ile sauti ilipoanza, aliweka kiganja juu ya bati.

"Nipo, mzee," alijibu. "Nipo. Sema."

Ikaisha. Akangoja na kiganja pale pale. Nilirudi nyuma taratibu nikaenda moja kwa moja kwa padri.

Padri Anestis alipiga simu mjini, hospitali, nasi tukasikia maana aliiweka kwa sauti. Kijana wa huko alikuwa na adabu. Alieleza kwamba kifaa kile kimepangwa hivyo: betri ikikaribia kwisha, kinamwita mwenye nacho kila siku kwa saa ile ile, aende hospitali.

"Mwenye nacho amekufa, mwanangu," padri akamwambia. "Miaka mitatu imetimia sasa."

"Kifaa hakijui hilo, Baba. Kilipaswa kutolewa kabla ya mazishi. Tuleteeni."

Tulimweleza Asimina pale pale makaburini. Alisikiliza. Akafungua sanduku mbele yetu sote, akakitoa, akakifuta kwa aproni yake, akakitazama kiganjani.

"Siku kumi nimedhani ni yeye," akasema. "Sauti nzuri, saa tatu kamili, bila kukosa hata siku moja. Ningejua mapema. Sarantis hajawahi kufika mahali kwa wakati wake."

Tulicheka, na tulipocheka naye akacheka, na machozi yanamtoka. Kisha akatuuliza, akitutazama mmoja mmoja, mimi, Pagona, hadi Marigo aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maziwa:

"Na mimi nilipokuwa kwenye mbili, mlinisikia hivyo hivyo, sivyo?"

Marigo akaiweka ndoo chini.

Daktari wake aliifuta namba mbili alipoombwa. Asimina anasema daktari hakubishana naye, alimshika mkono tu na kumwambia samahani, naye Asimina akamwambia usiombe samahani, mwanangu, ulinikuta nazama. Betri imebadilishwa mara moja tangu wakati huo. Namba moja inaendelea, na mikono hiyo ilimwosha mama yangu mwaka juzi, Asimina akiongea naye kutwa nzima na kulia kuliko mimi.

Lakini mara nyingine, tukiwa tumekaa tu, nitamwona ametulia, kidole nyuma ya sikio, anasikiliza kama mtu anayesubiri kengele. Nimemuuliza anasikia nini. Husema hasikii kitu, na kwamba ndiyo maana anasikiliza.

Wiki iliyopita alishikwa na homa, nikalala kwake. Asubuhi ilipopungua aliomba chai ya milimani na asali, akaimaliza bila kumwaga, akaniita nikae karibu. Kidude kilikuwa kwenye kimeza, chini ya picha ya Mama wa Mungu. Alikisogeza upande wangu.

"Lambrini, mkinifukua, huu waya uosheni kwa divai, maana ulinitendea wema, lakini sandukuni msiuweke. Na siku ukiona nakata roho, usingoje nimalize. Zima yote, na moja pia, ningali nakusikia. Nataka nifike kwake mikono ikitetemeka."